Mama wa Miungu ya Ayalandi na Amri ya Nane

Amri ya nane sote tumeikariri tangu darasa la ubatizo, ile itukatazayo kumshuhudia jirani uongo. Na maelezo ya Luther katika Katekisimo Ndogo twayajua pia, ya kuwa kunyamaza tu na kutosema uongo hakutoshi; hutupasa kumtetea jirani, kumtaja kwa wema, na kuyatazama matendo yake kwa upande ulio mzuri kadiri iwezekanavyo. Lakini liko swali ambalo darasani haliulizwi sana, nalo ni hili: jirani huyo akiwa amekufa, je, amri yamhusu bado? Na akiwa amekufa zamani sana, wala hakuwa Mkristo, bali aliabudu miungu ya baba zake, je, tu huru kusema juu yake neno lo lote tutakalo, kwa kuwa hayupo wa kutujibu?

Swali hili si la mchezo. Kila mwalimu wa kanisa hulazimika siku moja kusema neno juu ya watu waliokuwako kabla Injili haijafika. Wengine hulisema neno hilo kwa dharau. Wengine, hasa siku hizi, hulisema kwa sifa nyingi. Na pande zote mbili mara nyingi husema wasilolijua. Nami nimeona ni heri tulichunguze jambo hili katika nchi iliyo mbali nasi, ambako mioyo yetu haina ugomvi wala aibu, ndipo akili ipate kuona vizuri. Basi nimekichagua kisiwa cha Ayalandi, na mama mmoja aliyeitwa huko mama wa miungu.

Kabla ya kuzaliwa Kristo makabila ya Wakelti yalienea pande nyingi za Ulaya: katika Galia, ambayo sehemu yake kubwa ndiyo Ufaransa ya leo, katika visiwa vya Uingereza na Ayalandi, tena kando ya mito mikubwa ya Rhine na Danube. Walikuwa na makuhani walioitwa Wadruidi. Julius Caesar, jemadari wa Warumi aliyepigana na Wagali tangu mwaka 58 K.K., aliandika kwamba Wadruidi hawakukubali mafundisho yao yatiwe katika maandishi, ijapokuwa kwa mambo mengine walizitumia herufi za Kiyunani. Mwanafunzi alijifunza mashairi kwa moyo, na wengine walikaa katika kujifunza hata miaka 20. Hivyo walipokwisha wenye kukariri, yalikwisha na yaliyokaririwa. Kwa hiyo yote tuyajuayo juu ya miungu yao yatufikia kwa milango mitatu tu: maneno ya wageni, hasa Warumi, mawe yaliyochongwa chini ya utawala wa Kirumi, na vitabu vilivyoandikwa na watawa wa Kikristo mamia ya miaka baadaye. Msomaji na alishike neno hili, maana mengi yatakayofuata yasimama juu yake.

Tuanze na watawa. Kusini mwa Ayalandi, katika jimbo la Munster, alikuwako Cormac mac Cuilennáin, aliyekuwa mfalme na askofu pamoja, naye akauawa vitani mwaka 908. (Mtu aweza kuuliza askofu alitafuta nini vitani, hilo ni swali la siku nyingine.) Kwa jina lake kimetufikia kitabu cha kueleza maneno magumu ya lugha ya kale, kiitwacho Sanas Cormaic. Si kitabu cha dini, ni kamusi. Humo limo jina Ana, au Anu. Nacho kitabu chaeleza, kwa maneno machache sana, ya kuwa huyo alikuwa mama wa miungu ya Waayalandi. Ya kuwa aliilisha miungu hiyo vema. Ya kuwa neno moja la lugha yao lenye maana ya neema na wingi wa mali latokana na jina lake. Tena ya kuwa milima miwili ya upande wa magharibi yaitwa Maziwa Mawili ya Anu, yaani kifua cha mama anyonyeshaye.

Milima hiyo ipo hata leo katika wilaya ya Kerry, na kila mmoja wapata kimo cha meta 690 hivi. Juu ya kila kilele watu wa kale sana walirundika mawe, hata mtu aitazamapo kwa mbali aona kweli umbo la kifua cha mwanamke aliyelala chali, akiutazama mbingu. Chini yake upo ua wa mawe na kisima, mahali paitwapo Cathair Crobh Dearg. Huko wakulima walipeleka ng'ombe wao siku ya 1 Mei, mwanzo wa kiangazi cha kwao, wapate kunywa maji yale na kuwa na afya mwaka mzima. Na Wakristo nao wakaishika siku hiyo kwa sala, mahali palepale.

Basi hayo ndiyo tuliyo nayo. Mistari michache ya kamusi, milima miwili, kisima, na ng'ombe. Kitabu hakituambii mama huyo aliombwa kwa maneno gani, wala kama alikuwa na makuhani wake, wala kama wanawake walimlilia wakati wa kuzaa. Yamkini walimlilia; lakini hatukuambiwa. Nami nalipenda neno lile la kulisha. Mwandishi yule angaliweza kuandika kwamba huyo ni pepo wa kale, kisha akaendelea na neno lifuatalo, wala hakuna Mkristo wa siku zake ambaye angemlaumu. Badala yake aliandika kazi ambayo watu walisema mama huyo aliifanya, tena akasema aliifanya vema.

Watu wengi waliosoma habari za Ayalandi hawamjui Ana, wamjua Danu. Huyu husemwa kuwa ndiye mama wa Tuatha Dé Danann, yaani watu wa mungu mke Danu, taifa la hadithi lenye ufundi na uchawi mwingi, ambalo lilikitawala kisiwa kabla ya Waayalandi wenyewe. Lakini jambo la kustaajabisha ni kwamba jina Danu, kwa umbo hilo, halimo katika vitabu vya kale vya Ayalandi. Vitabu vina Danann, ambalo ni umbo la kuonyesha mwenye kitu, na mahali pengine vina Danand au Donand. Danu ni neno la kukisia, waliloliunda wanachuo wa siku za karibu, kama mtu aonaye unyayo mchangani akachora mguu wote. Kisha mguu ule wakaulinganisha na jina la mto Danube, na Dôn wa hadithi za Wales, na Danu mwingine aliye katika Rigveda ya Wahindi, mama wa joka Vritra aliyeuawa na Indra. Kulinganisha si dhambi, na huenda baadhi ya hayo ni kweli. Walakini kukisia ni kukisia, hata kama kumerudiwa na baba, na mwana, na mjukuu.

Tena ndani ya jina hilo kipo kisa kidogo kitakachowafurahisha walimu wetu. Hapo kwanza watu hao wa hadithi waliitwa Tuath Dé tu, yaani watu wa mungu, au watu wa miungu. Lakini watawa waliposimulia habari za Waisraeli kwa lugha yao, waliyatumia maneno yayo hayo kwa taifa la Mungu. Basi baadhi ya wataalamu hudhani kwamba neno Danann liliongezwa nyuma, ili msomaji asiwachanganye watu wa Musa na watu wa vilimani. Ikiwa ndivyo, basi ni kalamu ya Mkristo iliyompa mama huyu mahali alipo leo katika jina la taifa lake, na sababu yake ilikuwa kutaka kutenganisha Israeli na miungu.

Katika karne ya 11 watawa walikusanya kitabu kikubwa cha nasaba, Lebor Gabála Érenn, kiwaletao Waayalandi kutoka kwa Nuhu mpaka kisiwani kwao. Humo mama huyu ashuka cheo. Ni Danand binti Delbáeth, mwanamke mwenye baba yake na wana watatu, Brian, Iuchar na Iucharba. Mahali pengine katika kitabu hicho Anand ni mmoja wa mabinti watatu wa Ernmas, na nduguze ni Badb na Macha. Naye alinganishwa na Morrígan, yule atishaye vitani, aonekanaye kwa sura ya kunguru juu ya maiti. Na hapo hapo kitabu chasema kwamba ile milima ya Kerry ni yake! Basi mlishaji na kunguru wa vita, jina moja na milima ileile. Hatuwezi kumwondoa mmoja kwa kuwa hatumpendi, tukambakiza yule mpole.

Sasa tuupite mlango wa mawe, nao watutoa Ayalandi na kutupeleka Ujerumani. Mjini Bonn, chini ya kanisa kubwa la kale, wachimbaji walipata tangu mwaka 1928 madhabahu za mawe zilizofukiwa humo. Moja ni ya mwaka 164 B.K., nayo ilitolewa na mtunza fedha wa mji wa Köln. Yaonyesha wanawake watatu walioketi pamoja. Wawili wa kando wamevaa kofia kubwa za mviringo, kama walivyovaa wake za watu katika nchi ile. Wa katikati ni kijana, kichwa wazi, nywele zimeshuka mabegani. Na matunda wameyapakata. Waliitwa Matronae, yaani akina Mama. Mawe yao yamepatikana kwa mamia kando ya Rhine, na mengine ya namna hiyo katika Galia na Uingereza. Walioyasimamisha walikuwa wa damu mbalimbali, Wakelti na Wajerumani na Warumi, nao wengi wao walikuwa wanaume: askari, wafanyabiashara, watumishi wa serikali. Mwisho wa maandishi huwekwa mara nyingi herufi nne, V S L M, maana yake ni kwamba mtoaji ametimiza nadhiri kwa moyo wa hiari, na aliyepewa amestahili. Yaani mtu aliomba, akaona kwamba amepewa, akarudi kulipa. Tunao Wakristo wangapi wanaorudi?

Si mbali na mto huohuo wa Rhine, huko Barmen, mwaka 1828 watu waliunda chama cha misheni, na mwaka uliofuata wakawatuma wahubiri Afrika ya Kusini. Mabibi wa kale wa nchi ile walikuwa wamewaletea matunda wale Mama watatu. Hakuna taifa lililozaliwa Kikristo, nao wajumbe waliotuletea neno walikuwa wajukuu wa wapagani kama sisi. Jambo hili lajulikana na wote, lakini husahauliwa upesi na pande zote mbili.

Neno moja tena juu ya jina hilo la Mama. Mto Marne wa Ufaransa uliitwa na watu wa kale Matrona. Jina lilo hilo, kwa kubadilika sauti kadiri ya desturi ya lugha, laonekana Wales kuwa Modron. Katika hadithi ya kale ya Culhwch na Olwen Modron hatendi jambo lo lote. Twaambiwa tu ya kuwa mwanawe Mabon alichukuliwa alipokuwa na siku tatu, akatolewa kati ya mama yake na ukuta, wala hakuna ajuaye kama yu hai au amekufa. Watu wamtafuta kwa kuwauliza wanyama walio wazee kuliko wote, ndege na kulungu na bundi na tai, kila mmoja mzee kuliko mwenziwe, mpaka samaki mmoja awachukua hata Gloucester, na huko wamsikia mfungwa akilia nyuma ya ukuta. Mabon aokolewa. Na mama? Hadithi haisemi kama alimngoja, wala kama aliletewa habari. Yule ambaye jina lake lilikuwa mto mzima, amebaki mwanamke aliyenyoosha mkono usiku akakuta kitanda kitupu. Sijui mtu awezaye kusoma hayo na kucheka.

Basi turudi kwenye amri.

Ushahidi wa uongo wa kwanza ni wa dharau. Mhubiri husema: watu wale walimwabudu Shetani, walijua kwamba ni Shetani, nao walimpenda hivyo. Asemaye hivi hajaisoma Katekisimo Kubwa. Luther, akiieleza amri ya kwanza, afundisha ya kuwa mungu wa mtu ni yule amtarajiaye kwa mema yote na amkimbiliaye katika dhiki. Kisha awataja wapagani wa kale, na miongoni mwao wanawake wenye mimba waliomwita Diana au Lucina. Hasemi kwamba waliutafuta uovu. Asema kila mmoja alijifanyia mungu wa kile ambacho moyo wake ulikitazamia, na kwamba tumaini lao lilikuwa la uongo kwa kuwa halikumwelekea Mungu wa pekee. Hiyo ni hukumu kali, wala mimi siilegezi. Lakini tazama kosa lilipowekwa. Limewekwa mahali pa kutegemea. Halikuwekwa katika kilio cha mwanamke aliye katika utungu. Paulo naye alipokuwa Listra, mbele ya watu waliotaka kumchinjia ng'ombe, hakuwaambia kwamba mvua na mavuno ya miaka yote iliyopita yalitoka kwa mapepo. Aliwaambia kwamba yalitoka kwa Mungu aliye hai, naye alikuwa akiwatendea mema wakati wote walipokuwa hawamjui.

Mwanafunzi ambaye bibi yake alikufa bila ubatizo husikiliza kwa masikio yote tufikapo hapa. Hatuna ruhusa ya kumwambia neno la hakika juu ya mwisho wa bibi yake; hilo li mikononi mwa Mungu. Wala hatuna ruhusa ya kumwambia kwamba bibi yake, alipomwombea mtoto mgonjwa kwa namna aliyofundishwa na mama yake, alikuwa akimpenda yule mwovu. Hilo hatukuliona. Shahidi asemaye asiloliona, hata kama asema kwa bidii ya Injili, bado ni shahidi wa uongo.

Ushahidi wa uongo wa pili ni wa sifa, nao umeenea zaidi katika siku zetu. Mwaka 1861 mwanasheria wa Basel, J. J. Bachofen, alichapisha kitabu chake Das Mutterrecht, akidai kwamba hapo zamani wanadamu walikuwa chini ya utawala wa akina mama. Mwaka 1948 mshairi Robert Graves alitoa The White Goddess, akidai kwamba nyuma ya mashairi yote ya kweli yuko mungu mke mmoja mwenye sura tatu. Wataalamu wa lugha za Kikelti hawakukubaliana naye. Lakini vitabu vya namna hii viliwafikia watu wengi wa Ulaya na Marekani waliochoka na kanisa, au walioumizwa nalo, na leo wako wamwombao Danu, wakizieleza tabia zake kana kwamba walikua katika nyumba yake. Siwacheki. Mtu aliyefundishwa kwamba Mungu ni baba mwenye fimbo tu, ataondoka kwenda kumtafuta mama. Na aliyemfundisha hivyo atadaiwa.

Lakini je, wawatendea haki Wakelti wa kale? Caesar aliandika kwamba Wagali walijivunia kuwa wametoka kwa baba mmoja, ambaye kwa jina la Kirumi amwita Dis Pater. Ni baba huyo, si mama. Sheria za kale za Ayalandi zilimweka mwanamke chini ya baba yake, kisha chini ya mumewe, kisha chini ya wanawe. Na liko neno moja katika lugha ya Cormac ambalo naomba msomaji alitafakari: cumal. Maana yake ni mjakazi, mtumwa wa kike. Nalo ndilo lililokuwa kipimo cha thamani. Ardhi ilipimwa kwa cumal, na faini ya mtu aliyeuawa ilihesabiwa kwa cumal, kama sisi tuhesabuvyo kwa shilingi. Katika nchi iliyoiita milima yake kifua cha mama, mwanamke aliyetekwa alikuwa namna ya fedha.

Haidhuru nikikaa hapa kidogo. Wako wasemao kwamba palipo na mungu mke, hapo wanawake walikuwa huru na wenye heshima. Wamsahau mjakazi huyu. Naye ni jirani, naye amekufa, naye hana wa kumtetea, wala jina lake halikuandikwa katika kamusi yo yote. Na ili nisiwashuhudie wapagani uongo, sina budi kuongeza kwamba sheria hizo ziliandikwa katika karne ya 7 na ya 8, wakati Ukristo ulikuwa umekwisha kuingia, na waliozinakili walikuwa watu wa kanisa. Aibu ya cumal si ya Anu peke yake.

Juu ya Brigit nitasema machache, maana habari zake zahitaji makala yake. Kamusi ya Cormac yasema kwamba alikuwa mungu mke wa washairi, binti wa Dagda, mwenye dada wawili wa jina lilo hilo, mmoja wa uganga na mmoja wa uhunzi. Tena yuko Brigid mtakatifu wa Kildare, ambaye siku yake ni 1 Februari, na tangu mwaka 2023 serikali ya Ayalandi imeweka sikukuu ya taifa kwa ajili yake. Wengi husema huyu si mtu, ni mungu yule aliyebatizwa. Huenda hadithi za mmoja zimemwingia mwingine. Lakini mtawa Cogitosus aliandika maisha ya Brigid Mkristo katika karne ya 7, zaidi ya miaka 200 kabla ya kamusi kumtaja yule mungu. Kumnyang'anya mwanamke Mkristo maisha yake kwa shuku tu, akapewa mwingine, mimi naona hilo nalo ni jambo la amri ya nane; pengine na la amri ya saba.

Basi yatupasa kushuhudiaje? Mfano ninaoupenda u katika Kitabu cha Leinster, kilichoandikwa katika karne ya 12. Mwandishi, alipomaliza kuinakili ile hadithi ndefu ya vita vya ng'ombe iitwayo Táin Bó Cúailnge, aliweka maneno mawili mwishoni. La kwanza ni la Kiayalandi: awabariki wote watakaoikariri hadithi kwa uaminifu, bila kuigeuza. La pili ni la Kilatini, lugha ya kanisa: asema kwamba yeye aliyeiandika hasadiki mengi yaliyomo, maana mengine ni udanganyifu wa mashetani, mengine ni mapambo ya washairi, mengine yaelekea kuwa kweli na mengine hayaelekei, na mengine ni ya kuwachekesha wapumbavu. Watu wamezoea kumcheka mtawa huyu kana kwamba alikuwa na mioyo miwili. Mimi sioni hivyo. Alikuwa na wajibu mbili, kwa waliokufa na kwa watakaosoma, akautimiza kila mmoja kwa lugha yake. Asingaliandika lile la kwanza, tungaliibiwa hadithi. Asingaliandika la pili, tusingalijua yeye mwenyewe alisimama wapi. Ila lile neno la wapumbavu angaliweza kuliacha.

Najua nitapingwa. Mzee mmoja wa kanisa atasema: imeandikwa katika Kumbukumbu la Torati sura ya 12 kwamba Israeli wasiulize jinsi mataifa yalivyoitumikia miungu yao. Ndiyo, imeandikwa, lakini isomwe mpaka mwisho. Walikatazwa kuuliza ili nao wafanye vivyo hivyo. Mwenye kuuliza kwa ajili ya kuabudu na mwenye kuuliza kwa ajili ya kusema kweli hawapiti njia moja. Hofu ya mzee huyo hata hivyo si bure, maana Paulo atuonya juu ya dhamiri iliyo dhaifu, nami sipendi mwalimu asimame mbele ya watoto wa kipaimara asimulie habari za Anu kwa saa nzima kwa kuwa ni tamu. Lakini kuficha kuna hatari yake. Kijana ambaye kanisani hakusikia juu ya wazee wa kale ila matusi, akikutana na kitabu cha sifa ataamini kila neno lake, kwa sababu ndicho cha kwanza kuwataja kwa heshima.

Wamisionari wenyewe hawakuwa na nia moja katika jambo hili. Bruno Gutmann wa misheni ya Leipzig, aliyefika kwa Wachagga mwaka 1902, alikaa na wazee, akawasikiliza, na mwaka 1926 kikatoka kitabu chake kikubwa juu ya sheria za Wachagga, Das Recht der Dschagga. Waweza kubishana naye katika mengi, na wengi wamebishana naye. Hata hivyo alisikiliza kwanza, ndipo akaandika. Wengine walioishi kati ya watu hao miaka mingi hawakuuliza neno.

Tena mtu asidhani kwamba nadai haki kwa ajili ya Anu mwenyewe. Sanamu si kitu, kama asemavyo Mtume, wala isiyo kitu haisingiziwi. Jirani ninayemtetea ni yule mwanamke aliyemsukuma ng'ombe wake mpaka kisimani alfajiri ya 1 Mei, akaitazama milima miwili, akaomba maziwa yasikauke.

Mwalimu akifundisha Isaya, atazikuta zile sura za mwisho ambamo Mungu ajilinganisha na mama amfarijiye mtoto wake, na na mwanamke asiyeweza kumsahau anyonyaye. Wengine huzipita upesi, wakiogopa. Mimi ningekaa hapo, ningemtaja yule mama wa Ayalandi kwa maneno mawili aliyoyaandika Cormac, kwamba aliitwa mama na kwamba alisemwa kuwa alilisha vema, wala nisingeongeza la tatu. Na mtoto akiuliza, “Kweli ni yeye aliyewalisha?”, ningefungua Hosea sura ya pili, pale Bwana aitajapo nafaka na divai na mafuta, na mke aliyevipokea asijue vimetoka kwa nani, nikampa mtoto mwenyewe asome.